Kutafuta Uhai, Kutafuta Maisha: Sayari katika Maandishi Yetu

Mnamo Septemba 2025 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba jiwe moja lililochunguzwa na gari la utafiti la Perseverance huko Mirihi lina alama ambazo huenda ziliachwa na vijidudu vya kale. Tangazo lenyewe lilikuwa la tahadhari kubwa. Karibu kila sentensi ilibeba "huenda" yake. Jambo kama hili liingiapo katika Kiswahili cha habari na cha mitandao, mara nyingi hugeuka kuwa jingine: wanasayansi wamepata "dalili za maisha" katika Mirihi; chombo kimekwenda huko "kutafuta maisha".

Msomaji wa Kiswahili anayeishi Muscat, Leicester au Minneapolis hahitaji kufafanuliwa maana ya kutafuta maisha. Ndiko kulikompeleka alipo, yeye au mzazi wake. Kutafuta maisha ni kuondoka nyumbani na begi moja, ni kulala watu sita chumba kimoja, ni kutuma fedha kila mwisho wa mwezi na kusema kwenye simu kwamba hali si mbaya. Kwa hiyo mtu anapoandika kwamba roboti imekwenda Mirihi kutafuta maisha, anachekesha bila kukusudia: tunaliona lile gari la magurudumu sita likipanga foleni ya kibali cha kazi. Kicheko hicho nataka kukichukulia kwa uzito, kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo Kiingereza kina neno moja na Kiswahili kina mawili, na mwandishi wetu, akiwa ameshika kalamu mbele ya maneno mawili, amechukua lisilofaa.

Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini hayakutufikia na mzigo mmoja. Uhai umejengwa juu ya hai, neno la sifa, likapewa u- ya mwanzo kama tulivyofanya kwa uzuri na ubaya: ni hali ya kuwa hai, basi. Maisha ni jamaa ya ishi, na huko lilikotoka lina harufu ya riziki, ya namna mtu anavyojipatia chakula chake cha kila siku. Neno la tatu la ukoo huohuo, hayati, ambalo kwa Waarabu ndilo uhai wenyewe, sisi tumewapa marehemu. (Ni lugha ngapi zinazowatambulisha wafu kwa neno la uhai?) Wafasiri wa Biblia nao walipokutana na tatizo hili waliyakwepa yote, wakachukua uzima, na ndiyo maana Wakristo waongeao Kiswahili husubiri uzima wa milele. Maisha ya milele, kwa sikio langu, ni adhabu.

Kipimo cha tofauti hii ni chepesi. Maisha hupokea sifa: mazuri, magumu, ya anasa, ya kubahatisha. Uhai hauzipokei. Hatusemi uhai mgumu wala uhai wa anasa, kwa kuwa uhai upo au haupo. Mchicha una uhai. Ukiniambia mchicha una maisha, nitakuuliza maisha gani.

Kuna pingamizi, na si dogo. Twasoma kila wiki kwamba ajali imegharimu maisha ya watu kadhaa. Mwalimu wa biolojia hufundisha mzunguko wa maisha ya chura. Na hakuna aliyekufa kwa kutoelewa. Ni kweli. Lakini mzunguko wa maisha ya chura ni safari, kutoka yai hadi kiluwiluwi hadi chura kamili, yaani ni mwenendo wenye hatua, na hapo maisha yamekaa mahali pake. Ama kupoteza maisha, hayo ni mazoea ya vyumba vya habari. Wazee walikuwa na kufa, kufariki, kuaga dunia, kukata roho, wala hawakuona upungufu. Hata hivyo silaumu neno peke yake. Lawama iko kwenye kitenzi. Mara tu unapoliweka tafuta mbele ya maisha, kiti kimekwisha kukaliwa: nahau imo ndani, imejinyoosha, na sayansi haina pa kuketi.

Mtu anaweza kudhani huu ni ugomvi wa makamusi. Historia ya Mirihi inasema vingine. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli, mnajimu wa Milano, alichora ramani ya sayari hiyo akaweka juu yake mistari mirefu, akaiita kwa Kitaliano canali. Kwa Kitaliano neno hilo laweza kuwa mkondo wa asili au mfereji uliochimbwa. Kiingereza kilichukua mfereji. Mmarekani tajiri, Percival Lowell, akajenga kituo cha kutazamia nyota huko Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, na mwaka uliofuata akachapa kitabu akieleza kwamba Mirihi ni nchi inayokauka, ambayo wenyeji wake, wahandisi hodari, wanavuta maji kutoka barafu ya ncha zake ili kunywesha mashamba. Mwaka 1898 H. G. Wells alitoa The War of the Worlds, na wenyeji hao wakashuka Uingereza na silaha.

Si haki kulitwisha neno moja mzigo wote huo. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na karne nzima ilikuwa imelewa uchimbaji; mtu huona angani kile ambacho mikono ya zama zake inafanya. Lakini jaribu kuiandika taarifa ya Schiaparelli kwa Kiswahili, na utaona kwamba lugha haikuruhusu kupita bila kujibu. Mfereji una mchimbaji. Mkondo, bonde na korongo havina. Mfasiri wetu wa mwaka 1877, kama angalikuwapo, angalilazimika kuuliza: umeona nini hasa? Na Schiaparelli, aliyekuwa mwangalifu kuliko waliomfuata, angaliambiwa ajieleze. Chombo cha Mariner 4 kilipopita karibu na Mirihi mnamo Julai 1965 kilileta picha ishirini na kitu za nchi iliyojaa mashimo ya vimondo, bila mfereji hata mmoja. Miaka sita baadaye Mariner 9 ikaonyesha mabonde ya mito iliyokauka zamani sana. Mikondo ilikuwapo kweli, ila si pale alipoichora Schiaparelli. Kwa sababu hiyo hushtuka ninaposoma leo mabonde hayo yakiitwa mifereji. Tunarudisha wachimbaji mahali ambapo picha zimewaondoa.

Ulegevu huohuo umo katika majina ya sayari zenyewe, na hapa kosa limeingia hadi darasani. Orodha moja iliyoenea katika vitabu vya shule huenda hivi: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Msomaji anayejua kidogo falaki ya pwani hukwama kwenye neno la kwanza. Zebaki si sayari. Ni ile metali ya majimaji iliyokuwa ndani ya kipimajoto. Kiingereza huita sayari na metali kwa jina moja, Mercury. Mtunzi wa orodha akafungua kamusi, akakuta metali, akairusha angani. Jina halisi la sayari hiyo, Utaridi, lililojulikana na wanajimu wa Kiarabu na wa Kiswahili kabla ya shule hizo kujengwa, likabaki bila kazi, likapewa Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930. Sarateni ni kaa, Kausi ni upinde: yote mawili ni majina ya buruji, si ya sayari, pamoja na Sumbula, shuke la nafaka, ambayo mahali pengine hupewa Mshtarii. Uranus iligunduliwa mwaka 1781 na Neptune mwaka 1846, kwa hiyo hazikuwa na majina ya kale, na mtu akaona ni afadhali kuazima buruji kuliko kuandika jina geni. Matokeo yake Zohali, sayari ya pete, ilisogezwa mlango mmoja mbele ikawa Uranus.

Kisha ikaja kejeli ya mwaka 2006. Muungano wa Kimataifa wa Wanafalaki, uliokutana Prague, uliiondoa Pluto katika daraja la sayari. Anayeifuata orodha ile sawasawa hana budi kufuta Utaridi, na hivyo sayari iliyo karibu kabisa na jua inabaki na jina la metali, nalo jina lake la karne nyingi linakwenda na maji. Waandishi kadhaa wameirudishia Utaridi haki yake, nami nawaunga mkono. Lakini orodha mbili zinapoendelea pamoja, hasara haiishii kwenye mtihani. Mwaka 2005 chombo cha Cassini kiligundua kwamba Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali, unarusha maji na barafu angani kutoka kwenye nyufa za ncha yake ya kusini; leo ni miongoni mwa mahali panapotazamwa kwa tumaini kubwa zaidi katika kutafuta uhai. Mwambie hivyo kijana aliyesoma kwa orodha ya kwanza, atainua macho kuelekea Uranus.

Hapo juu nimesema Kiswahili humlazimisha mwandishi kujibu. Hakuna mahali ambapo hilo ni kali kama katika sarufi ya kitenzi, na sijaona wahakiki wetu wakilitaja. Chukua jaribio la Viking. Tarehe 20 Julai 1976 chombo cha kwanza cha jina hilo kilitua Mirihi, na cha pili kikafuata Septemba. Kila kimoja kilibeba majaribio matatu ya kibiolojia. Katika moja, udongo ulidondoshewa lishe yenye kaboni ya mnururisho. Kama kuna kitu kinachokula, basi gesi yenye kaboni hiyo ingetoka. Ikatoka. Lakini chombo kingine kilichotafuta molekuli za kaboni ambazo viumbe hujengwa nazo hakikupata kitu, na wanasayansi wengi wakahitimisha kwamba ulikuwa mmenyuko wa kemikali tu. Gilbert Levin, aliyebuni jaribio lile, hakukubali hadi alipofariki mwaka 2021.

Sasa andika kwa Kiswahili: lishe iliwekwa, na... kitu kilikula? Kiumbe alikula? Kiingereza kinaweza kusema jambo lilitokea, kikaacha mtendaji gizani. Sisi tukitaka kumtaja mtendaji, kiambishi cha kwanza cha kitenzi kinatangaza hukumu kabla ya maabara. Ki- ni kitu. A- ni mwenye pumzi. Levin aliamini a-. Wenzake waliona i-, kwa sababu kemikali hutenda. Wala mstari wa ngeli hizi si mstari wa uhai wenyewe, na hapo ndipo ladha ya jambo ilipo: mti una uhai, lakini mti unaota, haoti. Sarufi yetu humpa a- anayekwenda na kuhema. Bakteria tumemwacha mlangoni. Mwandishi mmoja huandika bakteria wanazaliana, mwingine bakteria zinazaliana, na mhariri hupitisha yote mawili. Siombi baraza la lugha litoe tamko. Nasema tu kwamba mwandishi wa Kiswahili anayeandika kuhusu Mirihi hawezi kuwa msahafishaji wa taarifa za wengine. Sarufi imemkalisha kitako kwenye meza ya wanasayansi, na akiandika bila kufikiri, amepiga kura bila kufikiri.

Jiwe la mwaka 2025 linaongeza ugumu. Linaitwa Cheyava Falls, na lilikutwa mnamo Julai 2024 katika bonde la mto wa kale uliokuwa ukimwaga maji katika ziwa la Jezero. (Katika lugha za Balkani jezero maana yake ni ziwa.) Juu yake kuna madoa meupe-meupe yenye kingo nyeusi, na watafiti waliyaita madoa ya chui, kwa mara moja mfasiri wa Kiswahili hana la kubuni. Ndani ya kingo hizo mna madini ya chuma pamoja na fosforasi na salfa, ambayo duniani mara nyingi hutokana na vijidudu vinavyokula mabaki ya viumbe katika matope, ingawa yanaweza kutokea bila vijidudu. NASA haikuyaita ushahidi. Iliyaita jambo linaloweza kuwa alama ya uhai na linalohitaji uchunguzi zaidi. Hapa ndipo dalili, neno la waganga na la wakulima, linapofaa kabisa, maana tunajua sote kwamba dalili ya mvua ni mawingu na kwamba mawingu hayajawahi kujaza mtungi. "Dalili inayoweza kuwa ya uhai" ni ndefu kwa kichwa cha habari, lakini ni ya kweli. "Dalili za maisha" ni fupi, na inawaweka wapangaji katika jiwe.

Je, fasihi yetu bunifu imefanya vizuri zaidi kuliko uandishi wa habari? Kitabu kinachojitokeza mara moja ni Walenisi cha Katama Mkangi, riwaya iliyochapishwa Nairobi mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na mwaka 1986 serikali ya Kenya ilimweka kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Katika riwaya hiyo Dzombo anahukumiwa na watawala wa nchi yake, anatiwa katika chombo cha anga ili akafie huko, naye badala ya kufa anafika katika sayari ambayo jamii yake haina unyonyaji. Wahakiki wameisoma kama fumbo la kisiasa, na fumbo halikufichwa sana: jina la sayari linajikata lenyewe kuwa wale ni sisi.

Usomaji huo ni sahihi, ila umeipita roketi haraka mno. Katika hadithi za Ulaya na Marekani mtu hupanda chombo kwa udadisi, kwa utukufu au kwa faida. Dzombo anatupwa. Anga kwake ni kitanzi, na chombo ni karandinga. Aliyewahi kufukuzwa nchi, au kupandishwa ndege akiwa na askari kila upande, anaijua safari hiyo bila kuelezwa. Dzombo alipelekwa kupokonywa uhai, akakuta maisha. Ndiyo sababu naiona riwaya hii kuwa ya maisha tangu mwanzo hadi mwisho, maisha kwa maana ile kamili ya riziki, haki na namna ya kukaa na wenzako, na sikubaliani na wanaoiweka bila maelezo katika rafu ya hadithi za kisayansi. Sayari ni jukwaa. Lilikuwa lazima liwe mbali kwa sababu mwaka 1995, chini ya utawala uleule uliomfunga mwandishi, karibu hapakuwa na nafasi ya kulijenga.

Tena kuna jambo ambalo Mkangi aliliona kabla yetu tunaoishi ughaibuni. Sheria ya uhamiaji ya Marekani kwa miaka mingi imemwita asiye raia kwa neno lilelile, alien, ambalo filamu humwitia kiumbe wa sayari nyingine. Kiswahili kina mgeni, na mgeni ana haki zake: hukaribishwa, hulishwa, na siku ya tatu hupewa jembe. Wells aliandika kuhusu wavamizi. Mkangi aliandika kuhusu mgeni, na mgeni ni binadamu. Wenyeji ndio wa huko juu. Upinzani wa neno na neno hauwezi kuwa mkali zaidi ya huo. (Ile sahani ya dhahabu iliyorushwa na Voyager mwaka 1977 ina salamu katika lugha 55, Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kiswahili hakimo. Lugha yenye "karibu" ndiyo iliyokosa kuisema.)

Lakini nguvu ya jina Walenisi ndiyo mpaka wake. Wale ni sisi, basi hakuna wale. Anayetafutwa Enceladus, au chini ya barafu ya Europa, mwezi wa Mshtarii ambako chombo cha Europa Clipper kilichoondoka Oktoba 2024 kinatazamiwa kufika mwaka 2030, si sisi hata kidogo. Hana uso, hana serikali ya kusifiwa wala kulaumiwa, hana maisha ya kutufundisha. Ana uhai tu, kama anao, na nimekwisha kumpa a- bila ushahidi. Nathari ya Kiswahili imezoea kumfanya kila kiumbe kuwa mfano wa binadamu: sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, jini ana kisasi. Kuandika kitu chenye uhai kisichokuwa mfano wa yeyote ni kazi ambayo ngano hazikutuandaa kuifanya, na sijakutana bado na riwaya yetu iliyoijaribu. Ningependa kuisoma. Ningependa hasa kuona mwandishi wake anafanya nini na vitenzi.

Kwa sasa kipande cha jiwe lile la madoa ya chui kimefungwa ndani ya bomba dogo la metali, bado kiko Mirihi, na mpango wa kukileta duniani ulikwama katika mabishano ya bajeti. Madoa yale yaliachwa na kitu fulani. Kwa Kiswahili hata swali lenyewe haliwezi kuulizwa bila kuchagua: yaliachwa na nini, au yaliachwa na nani?